Bangili ya Papa Casimir

Bangili ilitetemeka Jumanne, saa sita za mchana, Papa Casimir akiwa ametia tonge la bukari, ugali wa muhogo, mdomoni. Hakulimeza. Aliuinua mkono wa kushoto mpaka karibu na macho, akakitazama kile kidude cheusi kilichofungwa kwa mkanda wa saa kuukuu, akahesabu kwa midomo: moja, mbili, tatu. Kisha akalitema tonge pembeni ya sahani, akanawa, akatoka.

"Casimir!" mke wake, Mama Pétronille, alipiga kelele, ingawa alijua vizuri kwamba anapoteza pumzi zake. Mume wake alikuwa kiziwi mwaka wa kumi na tisa sasa, tangu ile homa iliyompeleka hospitali na masikio mazima ikamrudisha bila kitu. Ukitaka kusema naye lazima usimame mbele yake, umpe uso wako wote, utamke polepole akusome midomo. Ukiwa mgongoni kwake, hata ukiita malaika haitasaidia. Pétronille alijifunga kitenge vizuri, akamfuata mbio kuelekea ufukweni.

Casimir alikuwa fundi wa mitumbwi. Mitumbwi mitatu ya watu ilikuwa imelala kifudifudi kwenye mchanga ikimngoja tangu mwezi wa tano, nyufa zake wazi, na wenyewe walikuwa wameanza kumtukana. Hakuigusa. Alichukua ule wake mdogo, unaovuja kuliko yote, akausukuma majini. Wanawake waliokuwa wanaanika ndakala, dagaa wa ziwa lile, waliinua vichwa.

"Mama Fanny, anaenda tena?" mmoja alimuuliza Pétronille.

"Anaenda."

"Na huu upepo? Si umuzuie?"

"Kuja umuzuie weye."

Walicheka, si kwa ubaya mkubwa. Sikio la kufa halisikii dawa, akasema mwingine, na hapo wakacheka zaidi, maana methali ilikuwa imepata mtu wake. Ilikuwa kiangazi, majira ambayo upepo wa kusini huamka mchana na kulivuruga ziwa, hata wavuvi wenye mashine hukaa nchi kavu wakingoja. Na mume wake alikuwa anapiga kasia peke yake kuelekea mahali pale ambapo boti ya kwenda Moba ilizama mwezi wa nne, ikiwa bado machoni mwa watu waliokuja kusindikiza. Pétronille alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa bado anapunga mkono.

Miili kumi na mmoja ilitolewa. Wa binti yao Fanny haukuonekana. Na ndiye Fanny aliyeitengeneza ile bangili, yeye na wenzake wa klabu ya wanafunzi, ili baba yake asiyesikia apate kuitwa. Bangili mkononi mwa baba, butoni ndogo shingoni mwa binti kama msalaba; binti akifinya mara tatu, mkono wa baba unatetemeka, anajua kwamba anatafutwa nyumbani. Fanny alikuwa anaipeleka ile butoni Moba kuwaonyesha watu wanaolea watoto viziwi. Alizama na butoni shingoni.

Watu walilala matanga, wakalia, Casimir naye akalia kama wengine. Kisha, mwishoni mwa mwezi wa tano, bangili ikaanza kuita.

Leo mawimbi yalimpindua. Wavuvi wawili waliwasha mashine wakamfuata, wakamrudisha amekumbatia ubao wa mtumbwi wake, macho mekundu, anatapika maji. Walimlaza mchangani, na akiwa bado anakohoa alimtafuta mke wake kwa macho, akasema kwa sauti ile kubwa ya mtu asiyejisikia, ufukwe mzima ukasikia:

"Anaita, Pétronille! Leo ameita tena mara tatu!"

Wanawake wa ndakala hawakucheka safari hii. Mmoja alifanya ishara ya msalaba, akahamisha jamvi lake mbali kidogo.

*

Jioni ileile Basile alikuja. Basile ni kaka mkubwa wa Casimir, mtu wa haki sana, na watu wa haki sana huwa na haraka. Alikuja na mzee mmoja wa kanisa, wakakaa kwenye viti viwili vilivyobaki vizima, Pétronille akabaki amesimama nyumbani mwake mwenyewe.

"Mama Fanny, ukoo umekaa," Basile alisema. "Siku ya posho, Jumamosi hii, tunatosha matanga, kilio kiishe."

"Bila mwili, Papa Basile?"

"Mwili uko na ziwa, ziwa halirudishe. Tutanyoa, tutafagia nyumba, manguo ya marehemu tutagawa kwa mashangazi. Na kile kitu ya mukononi tutachoma. Muntu amekufa, anaita baba yake kila muchana, na sisi tunaangalia tu? Ile ni mulango. Na mulango unafungwa."

"Mwenyewe hatakubali."

"Mwenyewe hasikii."

Mzee wa kanisa alisafisha koo akasema kwamba kuna nyumba ya maombi anayoijua, ambako wagonjwa wa namna hii hufungwa kamba siku saba bila kula, na wengine hutoka wazima. Aliposema "wengine," alitazama sakafu.

Casimir alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amewapa mgongo, anakunywa uji. Basile alimpa yule mzee ishara ya macho. Waliinuka pamoja kama watu waliokwisha kupatana njiani, mmoja akamkamata mabega, mwingine mkono wa kushoto. Bakuli lilipasuka. Casimir alipiga yowe, akajipinda, na alipoona vidole vya kaka yake vinafungua ule mkanda alivitia meno. Basile naye akapiga yowe. Watoto wa jirani walijaa mlangoni, halafu mama zao, na wote wakamwona Papa Casimir, mzee wa miaka hamsini na tatu, amelala kifudifudi juu ya uji, mkono ameulalia chini ya tumbo.

"Umeona?" Basile alisema akinyonya kidole. "Umeona sasa, Mama Fanny? Siku ya posho. Kwa mapenzi ao kwa kamba."

Walipoondoka Pétronille aliwafukuza watoto, akaokota vigae. Lipo jambo ambalo hakuwa amemwambia Basile wala padri. Siku moja mwezi wa sita bangili ilitetemeka Casimir akiwa amesinzia, naye Pétronille aliiwekea kiganja chake juu. Ilikuwa na joto la mkono wa mumewe, na ilitikisika chini ya vidole vyake mara tatu. Moyo wake ukajibu wenyewe: mwanangu. Tangu siku ile alikuwa anaiogopa, na anaingoja.

*

Alhamisi alivaa kitenge cha kwenda misa, akaenda kwenye taasisi alikosoma Fanny. Mlinzi alimwacha amesimama juani kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuitwa, kisha akamwonyesha kwa kidevu chumba cha mwisho, kilichokuwa stoo ya vitabu.

Mezani kulikuwa na mkono wa bandia uliokatwa kwenye bidoni, dumu la plastiki la njano, vidole vyake vikivutwa kwa nyuzi za kuvulia samaki. Kulikuwa na fimbo ya kipofu yenye filimbi. Msichana mmoja alikuwa amefunga usoni kisanduku cha katoni chenye simu ndani yake, miwani ile inayomwonyesha mtu mahali asipokuwapo, na alikuwa anageuza kichwa huku na huku, mikono mbele, kama anayetafuta mtu chumbani. Pétronille alimwangalia akasahau alichojia. Ukutani walikuwa wamebandika picha ya Fanny, anacheka, penseli nyuma ya sikio.

"Mama Fanny!" Kijana mrefu aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka. Alikuwa Jovial, mkuu wa klabu. "Karibu, Mama. Tulikuwa na mupango wa kuja kuwasalimia, ni mitihani tu njo ilituzuia..."

"Sikuje kuuliza juu ya nini hamuji. Nimekuja na swali moja. Butoni ya Fanny, ikiwa ndani ya maji, inaweza kuita?"

Jovial alimtazama kwa huruma, akamvutia kiti.

"Hapana, Mama. Maji ikiingia tu, inakufa siku ileile. Hata ingebaki kavu, batri yake haifike mwezi."

"Basi nani anaita bwana yangu?"

Akamweleza yote, mtumbwi, mawimbi, Basile, nyumba ya maombi. Mwanzoni Jovial alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mambo ya wazee. Aliposikia mwishoni mwa mwezi wa tano, aliacha kutikisa. Aliposikia saa sita za mchana, mara tatu, aliketi juu ya meza.

"Namba," alisema. "Mungu wangu. Namba."

"Namba gani?"

"Kila butoni iko na namba yake, Mama. Bangili inaitikia ile namba tu, namba ingine haijue. Fanny aliweka tarehe yake ya kuzaliwa. Na alikuwa ameanza butoni ya pili, ya mugonjwa mwingine, hakuimaliza. Kilio kilipoisha tukasema tuimalize sisi, kwa heshima yake. Tukachukua kazi yake vile ilivyo. Ilipashwa kubadilisha namba tu." Aliangalia picha ya ukutani. "Kidole changu kilikuwa juu ya kompyuta, Mama. Nikaona ile tarehe. Kufuta tarehe ya kuzaliwa ya Fanny, wiki tatu baada ya... Sikuweza. Nikaita wenzangu, nao hawakuweza. Tukasema, wacha ibaki."

Yule msichana alikuwa amevua miwani ya katoni, anawatazama.

"Ile ya pili iko wapi?" Pétronille aliuliza.

"Kwa Mama Odile, kule juu kilimani. Amepooza upande moja. Butoni iko naye, bangili iko na binti yake, Aimée, anauzisha sokoni. Kutoka pale juu mpaka kwenu hakuna kitu inazuia. Inafika." Kisha akashika kompyuta yake, na uso ukapata matumaini kidogo. "Lakini si kitu ya kushinda, Mama. Dakika tano tu, ninabadilisha namba ya Mama Odile. Ya Papa itanyamaza. Hakuna atakayejua."

Hakuna atakayejua. Pétronille aliligeuza neno lile mdomoni, akaliona tamu. Bangili inyamaze, Basile afurahi, matanga yatoke, mtumbwi ubaki mchangani.

"Twende kwanza kwa huyo mama," alisema.

*

Chumba cha Mama Odile kilikuwa na giza na harufu ya mkojo wa jana. Mwenyewe alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, amelazwa ubavu, macho makali. Butoni ilining'inia shingoni mwake. Kidumu cha maji kilikuwa juu ya meza, hatua mbili kutoka kwenye mkono wake mzima, na hatua mbili kwake zilikuwa sawa na safari ya Manono, siku kadhaa za njia.

"Mumekuja kuangalia mashini yenu?" alimuuliza Jovial. "Iko inatumika. Inatoa taa nyekundu muzuri sana. Maji ndiyo haitoe."

Pétronille alimmiminia maji kabla ya kusalimia. Mama Odile alikunywa vikombe viwili mfululizo.

"Aimée hasikiaka?" Jovial aliuliza.

"Atasikia na nini? Bangili iko ndani ya ile valizi ya manguo, imekunjwa ndani ya sokisi. Wenzake sokoni walimucheka, ati amevaa kitu ya bachawi, wakamuhamisha kiti. Akaificha, anafikiri sijui. Nami sikumuambia kitu. Mutoto anashinda juani kutwa ili nikule, nimuongezee tena haya?"

"Na bado unaita, Mama?" Pétronille aliuliza. "Kila siku?"

"Muchana, kiu ikizidi. Ninafinya, hakuna. Ninafinya, hakuna." Alicheka kidogo, akaacha. "Ni kuita tu. Mwenye kuita anajiona bado iko kati ya bantu."

Pétronille aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, kuna muntu anakusikiaka. Kila siku ukifinya, anaacha chakula, anatoka."

"Na mbona hafikaka?"

"Anapotea njia."

Jovial alikuwa amekwisha kufungua kompyuta juu ya magoti, waya mkononi. "Mama Fanny," alisema kwa sauti ya chini, "nibadilishe?"

Kuinyamazisha bangili kulikuwa rahisi hivyo. Pétronille alimwona Casimir kesho saa sita, mkono juu, anangoja. Kesho kutwa, anangoja. Na siku ya tatu anasema, binti yangu amechoka kuita, sasa ninaenda kumfuata mwenyewe. Siku hiyo asingegeuza mtumbwi. Na moto wa Basile ungefanya kazi ileile.

"Wacha," alisema. "Kesho ninamuleta."

*

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya mume wake, akampa uso. "Ninajua nani anaita. Twende nikuonyeshe."

Alikuwa amepanga kuendelea na maneno mengine, amekesha nayo usiku kucha. Hakuyafikia. Casimir alikuwa amekwisha kuinuka, na uso wake, Mungu wangu, ulikuwa uso wa siku ya ubatizo. Alinyoa ndevu. Alivaa shati jeupe. Kisha akaingia chumba cha Fanny, akatoka na mfuko wa plastiki, na ndani yake viatu vya binti yake, vile vya kamba, alivyoviacha siku ya safari.

"Atakuwa hana viatu," alimweleza mke wake kwa sauti kubwa.

Pétronille angepaswa kumwambia pale pale. Wewe na mimi tungesema hivyo, tuliokaa kivulini. Alimfuata njia nzima akimwangalia mgongo, na mgongo wa kiziwi hauambiwi kitu. Watu walimsalimia Casimir naye alijibu kila mmoja, akiinua ule mfuko. Juu ya kilima alikuwa anatembea mbele kama kijana.

Jovial alikuwa amesimama mlangoni kwa Mama Odile. Casimir alimpita bila kumwona, akaingia, akatazama kitanda, akamwona mwanamke asiyemjua. Akatazama nyuma ya pazia. Akatazama nyuma ya mlango. Akamgeukia mke wake, bado anatabasamu, akiuliza kwa nyusi.

"Finya, Mama," Pétronille alisema.

Mama Odile alifinya mara tatu. Mkono wa Casimir uliruka. Aliutazama, akatazama mlango, akatazama tena nyuma ya pazia. Mama Odile akafinya tena, akiinyanyua butoni juu ili ionekane, na taa yake nyekundu ikawaka. Casimir aliitazama ile taa muda mrefu. Pétronille aliivua shingoni mwa mgonjwa, akaiweka katika kiganja cha mume wake, akamkunja vidole.

Casimir alifinya. Bangili ikatetemeka. Alifinya tena, mara tatu, jinsi Fanny alivyokuwa anafinya, ikatetemeka. Alirudia, na kurudia, mkono mmoja ukiita na mwingine ukiitika, na hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyethubutu kumzuia. Jovial alikuwa amegeuza uso ukutani. Mwishowe kidole kilisimama, na Casimir akashuka polepole mpaka sakafuni, mfuko wa viatu mapajani.

"Fanny iko wapi?" aliuliza.

Pétronille aliyajua maneno. Alikuwa ameyasema kwa padri, kwa Basile, kwa wanawake wa ndakala, kwa kila aliyekuja na pole. Kwa Casimir hakuwa ameyasema hata siku moja. Sasa alijua sababu, na aliona haya: maadamu mmoja wao alikuwa anaamini, mtoto hakuwa amekwisha kabisa, na yeye alikuwa amemwacha mumewe aibebe ile kazi ya kuamini mpaka ziwani. Alijibu akiwa ameinamisha kichwa.

"Sikuone," Casimir alisema. "Nipe uso."

Mtu mwenye masikio unaweza kumnong'oneza, unaweza kulia katikati ya neno naye akaelewa. Kiziwi huwezi. Pétronille alipiga magoti mbele yake, akajipangusa machozi na midomo kwa pembe ya kitenge, ili midomo ionekane, akatamka moja moja.

"Fanny alikufa. Ndani ya maji. Siku ile ya boti."

Casimir aliisoma mpaka mwisho. Hakuomba arudie. Alipouliza, sauti yake ilikuwa ndogo, ndogo ajabu kwa mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwa anajua kuipunguza.

"Weye ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na ukaniacha niwe ninaenda peke yangu."

Pétronille aliketi sakafuni ubavuni kwake, akamshika ule mkono wenye bangili, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne wakamlilia mtoto wao pamoja.